Pori Lisilo na Lango

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Zamani, kabla pikipiki hazijajaa barabarani, vijana wa Busia na Malaba waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha Kenya hadi cha Uganda, wakiita wateja kwa Kiingereza walichokigeuza kuwa chao: boda, boda. Chombo chenyewe kilikuwa ile baiskeli nzito nyeusi iitwayo Black Mamba, yenye keria pana iliyowekewa sponji na kushonewa kitambaa cha plastiki, mara nyingine na nyuzi za rangi zikining'inia kandokando. Mwanamke alipopanda aliketi kiupande, miguu yote miwili pamoja, mkono mmoja ukishika kiti na mwingine ukishika mzigo. Aliyekanyaga pedali alikuwa mwanamume. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na baada ya miaka michache injini ikachukua abiria, ikachukua na jina. Baiskeli ikabaki na mizigo: mitungi ya maji, magunia ya mahindi, kreti za soda. Kando yake wako watu wenye ulemavu wa Busia, ambao baiskeli zao za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa nguvu za mikono, wamezigeuza kuwa malori madogo ya kuvusha bidhaa kati ya miji miwili pacha yenye jina moja.

Historia hiyo ni muhimu kwa yeyote anayesikia habari za mwanamke aliyefunga hema kwenye baiskeli na kuondoka peke yake ili kuwasemea wanyama, misitu na vinamasi. Safari za namna hii zimeenea duniani. Msafiri hahitaji gari la kumfuata wala kampuni ya utalii. Hufunga mikoba midogo chini ya mtaimbo wa baiskeli, mbele ya usukani na nyuma ya kiti, humo akiweka hema, jiko la kambi, chupa za maji, viraka vya tyubu na nguo za kubadili. Hulala anapofikia, hula kinachouzwa njiani, na kila anaposimama hueleza kwa nini anasafiri. Msomaji wa hapa kwetu ana haki ya kuuliza: mizunguko ya pedali ya mtu mmoja inamhifadhia nani pori? Jibu langu ni kwamba inahifadhi zaidi ya tunavyodhani, na kwamba mahali bora pa kulipima jibu hilo ni hapa mpakani, kwenye ukanda wa Busia na Malaba, kuliko Maasai Mara au Amboseli. Sababu ni mwendo wa baiskeli, na aina ya pori tulilobaki nalo.

Tuanze na mwendo. Mwaka 1992 mwandishi wa Ireland, Dervla Murphy, akiwa na umri wa miaka 60, alitoka Kenya kwa baiskeli peke yake, akavuka kuingia Uganda, akapita Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe. Hakuwa amepanga kuchunguza jambo lolote zito. Alitaka kupumzika na kutazama nchi. Lakini kila alipoegesha baiskeli, watu walimzungumzia ugonjwa uliokuwa ukiwaondoa vijana wao, hata kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata kikabeba neno la Kiswahili kwenye jina lake: The Ukimwi Road. Kitabu hicho kinaonyesha jinsi habari inavyomfikia mtu wa baiskeli. Anayeshuka kwenye gari la mradi hukuta wenyeji wamejiandaa kumweleza anachotaka kusikia, kwa kuwa gari limemtangulia kwa sifa na kwa bajeti. Anayefika na jasho mgongoni, akiomba maji ya kunywa na kuuliza fundi wa pancha yuko wapi, huonekana ana shida kabla ya kuonekana ana cheo. Huyo huambiwa mambo.

Miaka 25 hivi baadaye mwanamke mwingine, Mwingereza Kate Rawles, aliyewahi kufundisha falsafa ya mazingira chuoni, alifanya safari iliyolenga uhifadhi waziwazi. Alivuka Atlantiki kwa meli ya mizigo ili asipande ndege, kisha akaifuata milima ya Andes hadi ncha ya kusini ya Amerika kwa miezi 13, zaidi ya maili 8,000, ambazo ni karibu kilomita 13,000. Baiskeli yake aliiunda mwenyewe kwa mianzi iliyokuzwa Uingereza. Njiani alizitembelea shule na vikundi vya wenyeji vinavyopigania misitu na mito, na kitabu chake kilitoka mwaka 2023. Mianzi si kitu cha kutushangaza, maana Kampala nako kuna mafundi wanaounda baiskeli za aina hiyo. Kinachonivutia ni kwamba Rawles alikwenda kuuliza viumbe wanapungua kwa nini, akawauliza watu wanaoishi nao. Baiskeli ilimlazimisha kuwauliza wengi, kwa sababu kila kilomita 50 au 60 ilimbidi alale mahali.

Sasa mlete msafiri wa namna hiyo Busia. Atakuta nini cha kuhifadhi? Ramani ya utalii itamjibu kwamba hakuna. Kaunti ya Busia haina hata mbuga moja ya taifa. Orodha ya Kenya ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar wa 1971 ilifika maeneo sita mwaka 2012 Delta ya Tana ilipoingizwa. Mengine ni maziwa ya Bonde la Ufa: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita. Magharibi yote haimo. Abiria wa basi la Kampala ataona miwa, mihogo, mikaratusi, vibanda vya M-Pesa na foleni ya matrela. Ataingia Uganda akiamini amepita kwenye nchi ya mashamba matupu.

Lakini teremka kutoka barabara kuu ufuate njia za udongo kuelekea Mto Sio, katika nchi ya Wasamia, na sura inabadilika. Bonde linalainika, udongo unakuwa mweusi, kisha yanaanza mafunjo. Unyasi wa mafunjo humzidi mtu mzima kimo, shina lake lina pembe tatu, laini kama limesuguliwa kwa msasa, na juu kabisa hufumuka shungi la nyuzi za kijani linaloyumba hata pasipo na upepo wa kusikika. Hilo ni eneo la Sio-Siteko, ardhi oevu ambayo mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake. Kusini zaidi, ng'ambo ya Bunyala, kuna kinamasi cha Yala, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini Kenya, na humo bado anaishi nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizoachana zinazomwezesha kukanyaga matope bila kuzama. Humo yuko pia ndege mmoja mdogo wa mafunjo, mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye nje ya mafunjo haishi. Ukikata mafunjo yote, umemfuta. Na mashamba ya pembezoni huteremkiwa na korongo mwenye taji, ndege aliye kwenye bendera ya Uganda, ambaye mataifa yamemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hujenga kiota chake kwenye majani ya ardhi oevu, na anayetaga upande wa Kenya hajui anahesabiwa na nchi gani.

Hili ndilo pori la Busia: vipande na kingo, mikanda ya kijani kati ya shamba na shamba. Halina lango, halina askari mwenye kofia, halina tiketi. Ndiyo maana linapotea bila mtu kupiga kelele. Ndovu akiuawa Tsavo, habari hufika Nairobi kabla ya jioni. Hekta moja ya mafunjo ikichomwa wakati wa kiangazi ili kupandwa nduma na sukuma wiki, hakuna anayeandika. Mwaka unaofuata huchomwa nyingine. Wanaosema uhifadhi wa Kenya ni suala la mbuga husahau kwamba zaidi ya nusu ya wanyamapori wa nchi hii huishi nje ya mbuga, kwenye ardhi za watu. Kwa hiyo anayetaka kuwafumbua watu macho hapa anahitaji chombo kinachopita kati ya shamba na shamba, penye njia za upana wa mguu, kwa mwendo unaomruhusu kusikia ndege. Pikipiki hupita, lakini huwafukuza wote kwa mlio. Gari halipiti. Baiskeli hupita na kunyamaza.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito zaidi, hutoka kwa mwenye shamba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika Kaunti ya Busia, kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,700. Ni zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita ya mraba. Kumwambia mama mwenye robo ekari na watoto watano kwamba bonde lililo nyuma ya nyumba yake ni pori la kulindwa, na anayemwambia awe msafiri mwenye hema la bei ya ng'ombe wawili, ni jambo linaloweza kuonekana kama dharau. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu kubwa. Neno pori lenyewe limetumiwa vibaya tangu enzi za ukoloni, kana kwamba ardhi nzuri ni ile iliyoondolewa watu. Huku hakujawahi kuwa na ardhi isiyo na watu katika kumbukumbu yoyote. Kwenye miamba ya Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk huko Teso Kaskazini, kuna michoro ya kale inayolindwa na Makavazi ya Taifa ya Kenya, na wanaakiolojia waliochimba hapo wameokota kunde zilizoungua zenye umri wa takriban miaka 2,300. Mkulima ni wa kale hapa kama mafunjo yalivyo ya kale.

Hata hivyo, historia hiyohiyo ndiyo inayonifanya nisikubali hitimisho la kwamba pasipo na nyika tupu hapana cha kuhifadhi. Watu wa hapa wameishi na vinamasi kwa karne nyingi bila kuvimaliza, kwa sababu viliwafaa vikiwa vinamasi. Mafunjo hukatwa yakafumwa mikeka, yakasokotwa kamba, yakaezekea nyumba. Kambare na kamongo huzaliana humo. Wakati wa ukame ng'ombe hulishwa kingoni. Mashina yale mengi hukamata udongo ulioporomoka kutoka juu, maji yakafika ziwani yakiwa masafi kuliko yalivyoingia. Kazi nyingi kati ya hizo ni za wanawake: wanachota maji, wanakata mafunjo, wanafuma, wanauza. Wao ndio hugundua mapema kwamba chemchemi imesogea au kwamba mafunjo ya mwaka huu ni mafupi. Kikao cha kijiji kinapoitishwa, mara nyingi anayesimama kueleza hali ya bonde ni mwanamume ambaye hajachota maji humo tangu alipokuwa mtoto. Msafiri mwanamke akiketi na wafumaji wa mikeka ataambiwa kwa lugha ya vipimo vya kila siku: hatua ngapi hadi kisimani, shilingi ngapi kwa mkeka, siku ngapi kupata mzigo wa mafunjo. Hivyo ni vipimo vya uhifadhi, ingawa havijaandikwa kwenye fomu yoyote.

Lazima pia niseme kweli kuhusu kile ambacho kinamasi hakiwezi. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimerekodiwa hadi wakati huo, na familia za Bunyala zikahama na vitanda vichwani. Mafunjo hayazuii ziwa zima kupanda, na anayehubiri hivyo atawapotezea wenzake imani ya watu. Mto Nzoia nao umeifurikia Budalangi mara nyingi, tuta likibomoka, na chanzo kiko mbali, kwenye miteremko iliyokatwa miti huko juu. Kinachoweza kusemwa bila kutia chumvi ni kwamba bonde lililobaki na mafunjo hupokea maji taratibu na kuyaachia taratibu, na bonde lililolimwa hadi ukingoni hupeleka matope yake yote kwa jirani wa chini.

Jirani huyo mara nyingi yuko nchi nyingine, na hapo ndipo Busia na Malaba hufundisha lisilofundishwa na mbuga yoyote. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda kuingia upande ambao leo ni Kenya, na mpaka mpya ukafuata kwa sehemu mito kama Sio na Malaba. Wasamia na Wateso wakajikuta ndugu wa nchi mbili. Mto ni alama nzuri kwenye ramani, lakini ni mpaka mbaya kwa uhifadhi, kwa sababu kila upande humiliki ukingo mmoja na hakuna anayemiliki maji. Kenya ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, hamu ya makaa jijini haikupungua. Magunia yalitafutwa kwingine, na Uganda ilikuwa mlangoni. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni naye akapiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda. Mfano wa pili ni mdogo kwa uzito na mkubwa kwa maana. Agosti 28, 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, adhabu yake ikiwa miongoni mwa kali kabisa duniani. Mifuko haikuisha sokoni. Ilivuka kwa magendo, imefichwa chini ya bidhaa nyingine, ikapitia njia za panya, na mingine ikaishia mitaroni, kisha mtoni, kisha kwenye mizizi ya mafunjo. Sheria nzuri zikibaki kila moja upande wake, katikati hubaki mfereji wa kupitishia.

Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni mwezi Februari 2018, kilirahisisha kazi ya lori: msafirishaji hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Hilo ni jema. Nchi zetu zimeweza kukubaliana juu ya kontena. Juu ya mafunjo zimeanza, kupitia mpango wa bonde la mito ya Sio, Malaba na Malakisi ulio chini ya ushirikiano wa nchi za Nile, lakini mwanakijiji wa ukingoni ni nadra kuujua kama anavyolijua jengo la forodha. Mtu anayevuka kwa baiskeli, akalala usiku mmoja kwa Wasamia wa Kenya na usiku wa pili kwa Wasamia wa Uganda, akasikiliza malalamiko yaleyale kwa lugha ileile, hubeba ushahidi wa kwamba bonde ni moja. Si ushahidi wa kisayansi. Ni wa kisiasa, na mara nyingi huo ndio unaokosekana.

Hapo nakutana na pingamizi la pili: kwamba uhamasishaji ni maneno, na maneno hayaoteshi mafunjo. Wapo wahifadhi makini wanaosema fedha za safari zingelipa walinzi au kununua miche. Nadhani wanapima vitu visivyopimika kwa mizani moja. Msitu wa Karura ulioko Nairobi, wa takriban hekta 1,000, uliokolewa na watu waliokuwa wamejua kwamba upo na kwamba unagawanywa. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miche humo, na picha za kipigo hicho zikawaambia Wakenya jambo ambalo ripoti zilikuwa zimeshindwa kuwaambia. Leo watu huingia Karura kwa miguu na kwa baiskeli, wakilipa, na anayejaribu kuugusa msitu huo hukutana na umati unaoupenda. Mwaka 2013 Jim Nyamu alitembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa ajili ya ndovu, na mwishoni mwa mwaka huohuo Kenya ikapata sheria ya wanyamapori yenye faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayogusa viumbe walio hatarini. Sisemi matembezi yale ndiyo yaliyoleta sheria. Wengi walisukuma. Nasema sheria haipiti peke yake wala haitekelezwi peke yake. Inahitaji watu ambao tayari wameanza kujali, na kujali huanza na kuona. Sio-Siteko, kwa nijuavyo, haijawahi kupata hata mtu mmoja wa kuitembelea kwa namna hiyo machoni pa taifa.

Lakini naweka sharti. Safari inayopiga picha za machweo na kuondoka ni mzigo kwa wenyeji. Historia ya safari za wanawake kwa baiskeli ina onyo lake. Annie Londonderry, mama wa watoto watatu kutoka Boston, aliyeizunguka dunia kati ya 1894 na 1895 kwa kuendesha baiskeli na kupanda meli, alichukua hilo jina la Londonderry kutoka kampuni ya maji ya chemchemi iliyomlipa dola 100 kulitangaza. Alithibitisha kwamba mwanamke anaweza, na hilo lilikuwa kubwa kwa wakati wake, ila nchi alizopita zikawa mandhari ya hadithi yake. Msafiri wa uhifadhi akifadhiliwa na kampuni, na kampuni hiyo ikawa inauza maji kwenye chupa za plastiki, wafumaji wa mikeka wa Sio watamwonea huruma kabla ya kumwamini.

Pingamizi la tatu ni usalama, na sitalipuuza kwa kusifu ujasiri. Machi 2022 kundi la waendesha bodaboda lilimshambulia na kumdhalilisha dereva mwanamke jijini Nairobi, kwenye barabara ambayo sasa ina jina la Profesa Wangari Maathai. Nchi nzima ilitetemeka. Barabara zinazoelekea Malaba na Busia hubeba matrela ya mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, na bega la barabara mara nyingi ni ukanda wa changarawe uliomegwa na magurudumu. Mwanamke anayepita hapo peke yake anahatarisha viungo vyake kwa trela na heshima yake kwa wahuni. Wanaosema asiende wana hoja ya upendo. Ila tukiikubali hadi mwisho, tutakuwa tumesema kwamba barabara ni ya wanaume, na pori lililo kando yake pia. Msichana wa Butula au Amukura anayekwenda shule kwa baiskeli hupita palepale asubuhi na jioni bila mtu kumwandikia makala. Kinachompunguzia hatari yeye ndicho kitakachompunguzia msafiri: njia ya baiskeli iliyotengwa kando ya lami, matrela yanayoegeshwa kwenye viwanja vyake, na kesi za udhalilishaji zinazofika hukumuni. Kuhusu wapi pa kulala, mila za hapa zina dawa ambayo hema haina. Mgeni mwanamke hupelekwa kwa mama wa boma, akishapewa maji ni wa nyumba ile, na anayemgusa ameligusa boma.

Kuna pingamizi la nne ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: haya ni mambo ya wazungu. Mifano yangu mikuu ya safari ndefu imewapa nguvu wanaosema hivyo, nami sitaificha. Hata mashindano makubwa ya baiskeli kwenye njia za vumbi yaliyoanza nchini mwaka 2021, yale ya siku nne yaliyoanzishwa pamoja na Suleiman Kangangi, Mkenya aliyefariki dunia mashindanoni Marekani mwaka uliofuata, yalipelekwa Maasai Mara, panapojulikana tayari. Yalifanya jema moja kubwa: yaliwaweka Wakenya, wanaume kwa wanawake, kwenye usukani mbele ya macho ya dunia. Lakini baiskeli ya kupakia maisha yako yote na kuondoka nayo haikuzaliwa Ulaya peke yake. Mama anayetoka Adungosi na mkungu wa ndizi umefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye keria, dumu la mafuta upande mmoja na mtoto mgongoni, anafanya kwa ulazima kile ambacho wengine hukinunulia mikoba maalumu. Anachokosa ni muda wa kusikilizwa. Kwa hiyo nikiulizwa ni nani angefaa kufanya safari ya kuisemea Sio-Siteko, ningemtafuta miongoni mwa binti zake: msichana anayejua Kisamia au Kiteso, ambaye hatahitaji mkalimani upande wowote wa mto, mwenye Black Mamba iliyofungwa gia tatu na fundi wa Busia, na mwenye daftari. Hema anaweza kukosa. Daftari asikose.

Njia yake ingekuwa fupi. Kutoka mji wa Busia hadi Malaba ni takriban kilomita 30 kupitia Alupe na Adungosi, kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye miguu mizuri. Akianzia Mto Sio upande wa kusini na kumalizia kwenye daraja la Malaba, mahali fulani katikati atavuka mgongo wa ardhi ambao abiria wa matatu hausikii. Yeye ataujua kwa mapaja, kwa kuwa atasimama kwenye pedali ili apande, kisha cheni italegea na baiskeli itaanza kuteremka yenyewe. Maji yote yaliyo nyuma yake yanakwenda Sio, na Sio unaingia Ziwa Viktoria. Yaliyo mbele yake yanakwenda Malaba, na Malaba unageukia Uganda, unajiunga na Mpologoma na kuingia Ziwa Kyoga. Maji ya Sio nayo, yakishazunguka ndani ya Viktoria na kutokea Jinja kwa Mto Nile, huingia Kyoga hiyohiyo.